Jinsi ya kuonyesha hisia kwenye lugha ya alama: uso, mikono na mwili

Hii nawaandikia nyie mnaojifunza lugha ya alama (wengine mnaiita lugha ya ishara, ni sawa tu) na mmeshafika pale ambapo mikono inayajua maneno ila kiziwi bado anakuangalia kama anasubiri umalizie. Mimi nasikia, nimejifunza ukubwani, na kilichonifungua macho ni siku nilipomweka rafiki yangu kiziwi zaidi ya saa nzima ananisubiri, nikafika mbio nikamwomba samahani, alama yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, mkono umekaa pale pale unapotakiwa kukaa. Akanitazama usoni kwa muda, halafu akaniambia mkono wako umeomba samahani, uso wako bado. Na alikuwa ameumia kweli. Tangu siku hiyo nimeishughulikia hii kitu kuliko kitu kingine chochote kwenye hii lugha, na hapa nawapa njia niliyopita.

Kabla hatujaanza fikiria neno "sawa" tunavyolisema kila siku. Kuna sawa ya nimekubali, kuna sawa ya haya fanya unavyotaka, kuna sawaaa ya mtu ambaye keshakasirika anachukua vitu vyake anaondoka, na hakuna aliyetufundisha kuzitofautisha, sauti ndo inatuambia. Kwenye lugha ya alama hiyo kazi ya sauti inafanywa na nyusi, macho, mdomo, kichwa, mabega na mwendo wa mikono yenyewe. Ukiviacha hivyo unakuwa unaongea kama mashine ya kusoma matangazo.

Kingine, lugha za alama ni nyingi, Umoja wa Mataifa wanahesabu zaidi ya 300 duniani, na kila moja ina sarufi yake. Nikitaja ya Marekani au ya Uholanzi ni kwa sababu hizo zimechunguzwa sana, kwa hiyo kabla hujachukua kitu kama kilivyo waulize viziwi unaoongea nao wao wanafanyaje.

Hatua ya 1: Toa macho kwenye mikono

Wanaoanza wote tunatazama mikono. Viziwi wao wanatazama uso, mikono wanaiona kwa pembeni ya jicho, na ndo maana kitu kidogo sana usoni mwako, kope kushuka kidogo, mdomo kukaza upande mmoja, wao wanakiona mara moja. Kwa hiyo jizoeze, mtu akiongea na wewe mwangalie machoni na eneo la mdomo na uache mikono ipite chini ya macho yako. Wiki za mwanzo utapoteza maneno mengi, vumilia, yatarudi. Na usikwepeshe macho ovyo, kugeuka katikati ya maongezi huku mwenzako anaongea ni sawasawa na kuziba masikio mbele ya mtu, hata kama wewe ulikuwa unaangalia mlango tu.

Hatua ya 2: Jua kwamba uso una kazi mbili

Hapa ndo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kazi ya kwanza ya uso ni sarufi, ya pili ni hisia. Wengi tunafikiri uso ni wa hisia tu, ni kama chumvi, ukipenda unaongeza. Hapana. Angalia Kiswahili chetu wenyewe, "umekula" na "umekula?" ni neno lile lile halijabadilika hata herufi, kinacholigeuza kuwa swali ni sauti kupanda. Sasa kwenye lugha ya alama ya Marekani na nyingine nyingi, swali la ndiyo au hapana linatengenezwa kwa kupandisha nyusi, kichwa kinakuja mbele kidogo, macho yanabaki kwa mwenzako yanasubiri jibu. Swali la nani, nini, wapi, kwa nini, nyusi zinashuka na kukunjana. Kutikisa kichwa kunakanusha sentensi nzima. Hivyo vyote ni sarufi, havina furaha wala hasira ndani yake.

Na hapo ndo shida inapoanzia, manake nyusi zilizokunjwa ni hizo hizo za hasira. Nimeona mtu anayeanza kujifunza ameulizwa kwa alama "unaitwa nani", swali la amani kabisa, nyusi zimekunjwa kama sarufi inavyotaka, yeye akarudi nyuma akidhani amegombezwa. Kuna watu wanaishi miaka na imani kwamba viziwi ni wakali, kumbe wanaulizwa maswali tu! Hili linaniuma, kwa sababu mtu anahukumiwa tabia kwa kitu ambacho ni sawa na alama ya kuuliza.

Utazitofautishaje? Angalia muda. Uso wa sarufi unawaka na kuzima pamoja na sentensi, unaanza pale maneno yanayohusika yanapoanza na yakiisha unaachia papo hapo, kama taa. Uso wa hisia unakuja taratibu, unaweza kuanza kabla mikono haijainuka, unapanda na kushuka, na unabaki baada ya mikono kutulia. Mtu aliyekasirika ukimaliza kumjibu bado kakunja ndita. Aliyekuwa anauliza tu, uso umeshafunguka anasubiri jibu lako.

Na hizi ni kazi mbili kweli kweli, hata kwenye ubongo. David Corina, Ursula Bellugi na Judy Reilly waliandika mwaka 1999 kuhusu viziwi waliopata madhara upande mmoja wa ubongo, walioumia upande wa kushoto walipata shida kwenye uso wa sarufi huku uso wa hisia ukiendelea vizuri, na walioumia kulia ikawa kinyume chake. Uso ni ule ule, misuli ni ile ile, lakini mabosi wawili.

Kama unajilaumu kwamba uso na mikono haviendi pamoja, jua kuwa hata watoto viziwi waliozaliwa ndani ya lugha wanapitia hapo. Wanaokua na lugha ya alama ya Marekani wakiwa na mwaka mmoja hivi wanatikisa kichwa kukataa kama mtoto yeyote, lakini wakianza kutumia alama ya mkono ya kukataa, mwanzoni mkono unatoka peke yake na kichwa kimetulia, halafu baada ya muda ndo vinaungana. Maana yake kichwa kinatakiwa kujifunzwa upya kama sehemu ya lugha. Na wewe jipe huo muda.

Hatua ya 3: Uliza swali ukiwa na hasira

Hili ni zoezi lakini nimelipa hatua yake kwa sababu ndo linafundisha kuliko yote. Chukua swali la ndiyo au hapana, "umeshamaliza?" Liseme kwanza bila hisia, nyusi juu. Sasa liseme umekasirika. Nyusi zinataka kushuka kwa sababu ya hasira, sarufi inataka zipande, zote zinagombania kitu kimoja. Utafanyaje?

Wanaoijua lugha wanaipeleka hasira sehemu nyingine. Nyusi zinabaki juu kiasi lakini macho yanabanwa, au mdomo unakazwa, pua inajikunja, kichwa kinasukumwa mbele kwa nguvu, na mikono inakata. Mwaka 2008 kuna utafiti uliopima urefu wa nyusi za viziwi wa Marekani wakiuliza maswali wakiwa na hisia mbalimbali, na tofauti kati ya aina mbili za maswali ilibaki, yaani hasira inakuja lakini haiifuti sarufi. Uholanzi nao mwaka 2009 walichunguza hizo hizo nyusi zikibeba swali na hisia kwa wakati mmoja, na kwa lugha yao walikuta mambo ni mchanganyiko, mara nyingine hisia inashinda nyusi. Kwa hiyo waangalie watu wako, usikariri.

Fanya hivyo hivyo na furaha, mshangao, huzuni. Swali la "nani" kwa mshangao ni gumu sana, manake mshangao unapandisha nyusi na swali linazishusha. Mimi lilinichukua muda mrefu mpaka nikaona kiziwi mmoja anavyofanya, macho yamekodoka, mdomo wazi, kichwa kimerudi nyuma, halafu nyusi zimekunjwa katikati tu. Nikarudia mbele ya kioo mpaka paji la uso likauma.

Hatua ya 4: Hisia ndani ya mikono

Mwaka 1960 William Stokoe alipoonyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ni lugha kamili, alizipasua alama kwa umbo la kiganja, mahali inapofanyika, na mwendo. Kwa ajili ya hisia, umbo na mahali usiviguse sana kwa sababu ukivibadilisha unaweza kupata neno lingine kabisa. Uwanja wako ni mwendo. Namna alama inavyosafiri, yaani kasi, ukubwa, ugumu wa misuli na pale inaposimama.

Hasira: mikono inakwenda haraka, inakatwa fupi, inasimama ghafla kama imegonga ukuta, vidole vigumu. Huzuni: inakwenda pole pole, inachelewa kupanda, inashuka chini ya pale inapokaa kawaida, vidole havijanyooka vizuri, na mwisho wa sentensi mikono inaanguka yenyewe. Furaha inapanua, mikono inatoka mbali na mwili, ina mdundo, mabega yanainuka. Woga unaivuta mikono karibu na kifua, viwiko vinabana mbavu, alama zinakuwa ndogo.

Kwa msisitizo fikiria tunavyosema "mbaaali" au "tangu zaaamani", tunavuta irabu. Mikononi kuna kitu kinafanana, alama inavutwa, au inashikiliwa kidogo pale mwanzo, kama upinde, halafu inaachiwa kwa nguvu mara moja. Ya Marekani ina hii ya kushikilia na kuachia kwa maana ya "sana". Wanaoanza mara nyingi wanataka kuongeza alama ya "sana" pembeni ya kila neno, hata isipohitajika, na inachosha kuitazama.

Sauti ya juu na ya chini nayo ipo. Ukitaka kupaza, panua alama, ziinue, ongeza nguvu. Ukitaka kunong'ona zishushe karibu na tumbo, zifanye ndogo, na uzifiche upande mmoja kwa mwili wako. Viziwi wakiwa na siri utaona mmoja anageuza bega.

Hatua ya 5: Mdomo

Usitamke maneno yote ya Kiswahili huku unaongea kwa alama ukidhani unasaidia, kuna lugha za alama zinatumia midomo ya maneno kiasi na kuna zinazotumia kidogo, lakini mdomo una msamiati wake ambao hautokani na lugha ya sauti. Kwenye lugha ya alama ya Marekani midomo ikifungwa ikasukumwa mbele kidogo juu ya kitendo maana yake mtu anafanya kwa raha zake, bila presha. Kitendo hicho hicho ukikifanya mdomo umelegea na ncha ya ulimi imetokeza kati ya meno, maana yake anafanya ovyo, hayuko makini. Mikono haijabadilika. Sentensi ya "anaendesha gari" imekuwa mbili, kwa moja unapanda gari hilo na kwa nyingine unashuka.

Mashavu yaliyojazwa upepo mara nyingi ni ukubwa au wingi, mashavu yaliyonyonywa ndani ni wembamba au udogo. Wanaosikia tunaona aibu kuyafanya haya, tunahisi tunatoa sura mbaya mbele za watu. Mwalimu wangu, ambaye ni kiziwi, alitukataza kabisa kucheka mwenzetu akijaza mashavu, alisema mnacheka neno langu. Nilinyamaza.

Hatua ya 6: Adabu, mashaka, dharau

Hii ndo inaitwa msimamo, yaani hisia yako juu ya unachokisema au juu ya unayemwambia. Kuomba kitu ni mfano mzuri. Watafiti wa lugha ya alama ya Marekani wameonyesha kwamba mdomo unapima uzito wa ombi: ombi dogo ambalo unajua utakubaliwa, midomo inachongoka kidogo, ombi la kati midomo inabanwa, ombi zito unalomsumbua nalo mtu, meno yanaonekana kidogo na pembe za mdomo zinavutwa kama mtu anayehisi maumivu. Ukiomba kitu kizito kwa uso mkavu mtu anaona umemwamuru, hata kama umeweka alama ya tafadhali mara tatu.

Mashaka yanakaa kwenye kichwa kulala upande, macho kubanwa, mdomo kushuka pembeni, na mikono inapunguza kasi kama haitaki kufika. Uhakika ni kinyume, kichwa kinakubali pamoja na alama, mwendo umenyooka, unasimama bila kutikisika. Dharau sihitaji kuwafundisha, sisi tunaobinua midomo tunaijua, ila tahadhari kwamba tunaibinua bila kujijua. Mkaguzi wa hilo ni video tu.

Kejeli nayo ipo, na ni ngumu. Kwa kawaida mikono inasema kitu kimoja na uso unasema kingine, alama ya "nzuri" imetiwa chumvi halafu macho yamelala. Usiijaribu mapema, mpaka uso wako wa kawaida uaminike kwanza.

Hatua ya 7: Hisia za mtu mwingine

Ukisimulia kwamba dada yako alikasirika, kwenye lugha ya alama mara nyingi husemi "alikasirika sana" ukaishia hapo, unamwacha dada aje. Unageuza mabega kidogo upande uliompangia, macho yako yanakwenda kule ambako yeye alikuwa anatazama, uso wako unakuwa wake, na mikono inaongea kwa mwendo wake. Kama alikuwa anaongea na mtoto, macho yanashuka chini, mtoto akijibu macho yanapanda juu na mabega yanageukia upande wa pili. Ukimaliza unarudisha macho kwa unayemsimulia na hapo kila mtu anajua sasa ni wewe.

Kosa linalotokea sana ni kusahau kurudi, unaendelea na maoni yako mwenyewe ukiwa bado na uso wa dada, na msikilizaji, au niseme mtazamaji, anadhani dada ndo kasema. Kosa la pili ni kuchelewesha macho, mabega yamegeuka ila macho bado kwa mtazamaji, inakuwa vurugu. Anza na macho, mwili utafuata.

Kwa wakalimani hapa ni pa kushika kwa mikono miwili. Mgonjwa anamwambia daktari anaogopa, hofu ile ni ya mgonjwa, sauti yako iibebe jinsi ilivyo. Na daktari akitoa habari mbaya kwa upole, upole ule uonekane kwenye mwendo wa mikono yako. Ukiweka huzuni yako wewe umemwambia mgonjwa kitu ambacho daktari hajasema. Nimewahi kumwona mkalimani amekunja uso kwa sababu hakusikia vizuri, yule kiziwi akaanza kulia akijua majibu ni mabaya, na majibu yalikuwa hayajatoka bado. Kama hujasikia, simamisha maongezi, sema hujasikia, halafu rudi.

Hatua ya 8: Mazoezi yenyewe

Jirekodi kwa simu. Mwanga uwe mbele yako, sio dirisha mgongoni kwa sababu uso unakuwa kivuli, na simu ikae mbali kiasi cha kuonyesha kuanzia juu ya kichwa mpaka kiunoni. Miwani ya jua toa, kofia inayoziba nyusi toa, na barakoa ukivaa jua kwamba umeondoa nusu ya maneno, tumia zaidi macho na kichwa.

Sentensi moja fupi, kwa mfano "amerudi". Iseme kwa hisia tano: furaha, hofu, hasira, mashaka, kuchoka kumsubiri. Halafu ziangalie mara mbili, mara ya kwanza funika mikono kwenye skrini kwa karatasi utazame uso tu, mara ya pili funika uso utazame mikono tu. Kama ukifunika uso hisia zote tano zinafanana, mikono yako bado haina kitu, rudi hatua ya 4. Kama ukifunika mikono ni sura ile ile mara tano, unajua pa kwenda.

Usizidishe. Wengine wakishaambiwa uso ni muhimu wanaanza kuigiza, kila sentensi macho yametoka, na kwa kiziwi ni kama mtu anayepiga kelele kila neno kwenye chumba kidogo. Tazama wazee viziwi wakiongea mambo ya kawaida, uso wao umetulia, unafanya kidogo tu na kinatosha.

Mwisho mpelekee kiziwi unayemwamini hizo video tano bila kumwambia ni hisia gani, na usimuulize "nimefanya vizuri?" kwa sababu atakuonea huruma akuambie ndiyo. Muulize "hapa nilikuwa nahisi nini?" Akikosea moja, hiyo ndo ya wiki hii. Yangu iliyokataa kwa muda mrefu ilikuwa ile ile ya kuomba samahani, nilimpelekea yule yule rafiki niliyemchelewesha, mara ya nne akanijibu kwa alama moja tu, kichwa kikiinama taratibu, nyusi zimelegea.